Nota Zilizolala Sandukuni Hazikuhukumiwa na Mtu

Kila inapotangazwa kwamba kazi ya ujanani ya mtunzi mkubwa imeibuka kutoka rafu za maktaba fulani, wapenzi wengi wa muziki wa klasiki hurudia jambo lilelile: kama ingekuwa nzuri ingejulikana zamani, mwenyewe aliiweka kando kwa kuwa aliiona dhaifu, na miaka imekwisha kuchuja. Ndiyo ile imani ya chema chajiuza, kibaya chajitembeza, iliyohamishiwa kwenye kumbi za muziki. Naipinga, kwa sababu ukifuatilia safari ya hati zenyewe ni nadra kukuta mtu aliyekaa, akazisoma na kuzipima kwa ubora wake. Unakuta kifo cha mapema, hafla iliyokosa muda, warithi na masanduku yao.

Georges Bizet alitunga Simfonia ya C Meja mwaka 1855, akiwa mwanafunzi wa miaka 17 katika Conservatoire ya Paris. Hakuichapisha, wala haikupigwa akiwa hai. Sababu inayoelekea zaidi haihusu udhaifu. Wakati huo alikuwa akiinakili kwa ajili ya piano simfonia ya kwanza ya Charles Gounod, mkubwa aliyemheshimu sana, na nyayo za Gounod zinaonekana waziwazi katika kazi ya kijana huyu. Kuitoa hadharani kungemfanya aitwe mwigaji. Lakini hakuidharau, maana alichota humo vipande akavitumia katika opera zake, na hakuna anayechota maji kwenye kisima alichokikataa. Alifariki Juni 1875, akiwa na miaka 36, miezi mitatu tu baada ya opera yake Carmen kuonyeshwa kwa mara ya kwanza. Hakupata uzee wa kupanga makaratasi yake. Hati ikafika mikononi mwa mtunzi Reynaldo Hahn, naye mwaka 1933 akaikabidhi maktaba ya Conservatoire ileile. Felix Weingartner aliiongoza mjini Basel tarehe 26 Februari 1935, na mwaka 1947 George Balanchine akaitungia dansi ya baleti katika Opera ya Paris. Leo okestra za kila bara huipiga. Basi miaka 80 ya ukimya ilichuja nini? Nota zilizowafurahisha watu wa Basel ni zilezile alizoandika mwanafunzi yule.

Beethoven naye alikuwa na miaka 19, mjini Bonn, alipotunga kantata ya kumwomboleza Kaisari Joseph wa Pili, aliyefariki Februari 1790. Hafla ilipangwa Machi 19, chini ya mwezi mmoja baadaye, na kantata haikupigwa. Ilipotea hadi 1884. Ndani yake mna wimbo ambamo obo, ndugu wa Kizungu wa zumari, hupanda polepole juu ya okestra; Beethoven aliurudisha katika tamati ya opera yake Fidelio. Yaani kwa miongo mingi watu waliusifu wimbo huo katika opera bila kujua ulikotoka.

Wapo watakaonikumbusha Simfonia ya Jena. Fritz Stein aliigundua mwaka 1909, ikashangiliwa kuwa ni ya Beethoven kijana, hadi mwaka 1957 H. C. Robbins Landon alipothibitisha kwamba mtunzi wake ni Friedrich Witt. Ni kweli, watafiti hukosea, na shauku ya jina kubwa huwapofusha. Ila tazama kilichofuata: jina lilipobadilika, hamu ya kuipiga ilififia, ingawa hapakuwa na nota hata moja iliyobadilika. Mfano huu unaibomoa imani ya mchujo. Kilichopimwa pale ni saini.

Pingamizi zito zaidi ni la heshima: tuna haki gani ya kufungua alichokificha mwenyewe? Johannes Brahms aliteketeza kazi nyingi za ujana wake, zikiwemo kwarteti za nyuzi zipatazo 20 kwa maelezo yake mwenyewe, kabla ya kuchapisha za kwanza mwaka 1873. Uamuzi huo nauheshimu. Lakini unaonyesha kwamba mtunzi aliyetaka kazi yake isiwepo alijua la kufanya, na moto alikuwa nao. Aliyeihifadhi hakutoa hukumu hiyo, nasi hatuwezi kumtolea kwa kukisia. Tena Brahms huyohuyo, alipoiona kantata ya Bonn mwaka 1884, aliisifu kwa moyo wote na kuona mkono wa Beethoven kila mahali.

Sidai kwamba kila karatasi ya zamani ni johari. Mazoezi ya darasani yapo, na mengi yatabaki mazoezi. Nadai kwamba hilo liamuliwe na masikio. Kazi ichapishwe pamoja na maelezo ya wazi kuhusu mashaka yaliyopo, ipewe wanamuziki hodari na muda wa kutosha wa mazoezi, ipigwe zaidi ya mara moja, ndipo anayetaka kuikataa aikatae akiwa ameisikia.