Saa Ngapi, na ya Wapi?

Ndugu wasomaji, leo tuna neno chungu kidogo, nalo tutalisema wazi, maana tumelinyamazia muda mrefu.

Inchi yetu ya Congo ina saa mbili. Watu wa Kinshasa na magharibi yote, mpaka Kikwit na Mbandaka, saa yao inatangulia ile ya Greenwich kwa muda wa saa moja. Sisi wa Katanga, pamoja na ndugu zetu wa Kasai, Kivu, Maniema, Kisangani na Ituri, yetu inatangulia kwa muda wa saa mbili. Kengele ya saa sita mchana inapolia hapa Lubumbashi, Kinshasa bado ni saa tano. Mtoto wa shule anajua hayo. Lakini soma barua zinazotoka katika mabiro makubwa ya mji mkuu, utafikiri walioziandika hawajaona hata siku moja ramani ya inchi yao. «Utafika saa 9.» Saa 9 ya wapi? Kimya.

(Ili tusianguke sisi wenyewe katika kosa tunalolaumu: hapa tukiandika saa kwa tarakimu, ni saa ya Kizungu, tukiiandika kwa maneno, ni hesabu ya Kiswahili, inayoanzia mapambazuko.)

Sikieni lililotupata. Katika parokia yetu yuko binti mmoja, mtoto wa mjane, mwenye diploma ya Leta na akili za kutosha. Mwaka uliopita biro moja la Kinshasa, ambalo hatulitaji jina, lilimwita kwa mtihani wa kazi. Ulikuwa mtihani wa kuulizwa kwa mdomo, kwa njia ya simu na intaneti, wao kule na yeye huku. Barua ilisema: saa 9 kamili. Mama akakopa franka kwa jirani, binti akanunua mega, akaijaza simu umeme tangu usiku, maana umeme wetu mnaujua. Saa 9 ya Lubumbashi akafungua. Hakuna mtu. Kumbe Kinshasa ilikuwa saa 8, na wakubwa wale walikuwa bado njiani katika msongamano wa motokari. Binti hakuthubutu kufunga simu, aliogopa wataingia naye hayupo. Akaketi hivyo, kitambaa cha Siku ya Mungu kichwani, akitazama kioo kitupu. Saa 10 yetu ilipokaribia, mega zikaisha. Dakika chache baadaye wale wa Kinshasa wakaketi mezani, wakaita jina lake, wakaandika: hakufika. Alipopata mega nyingine, walikuwa wamekwisha kumpita.

Tuliandika barua kwa ajili yake. Jibu lilikuja, tena la adabu: saa ilikuwa imeandikwa wazi. Wazi! Hapo ndipo tulipochukua kalamu.

Wako wanaosema, «Lawama ni ya Wazungu, ndio waliokata dunia vipande.» Kweli, mwezi wa Oktoba 1884 wajumbe wa mataifa 25 walikutana Washington, Marekani, wakaamua kwamba mstari wa kuanzia hesabu ya dunia upite Greenwich, Uingereza. Hakuna mtu wa mto wetu aliyeketi pale. Mwezi uliofuata, kule Berlin, wakaanza kuzungumza juu ya mto wenyewe, na hapo pia hatukuwapo. Lakini jua halikungoja mkutano. Dunia inageuka digrii 15 kwa kila saa, ndiyo kusema digrii moja kwa dakika 4. Kinshasa iko digrii 15 na kidogo mashariki ya Greenwich. Goma iko digrii 29 na kidogo. Jua likisimama utosini mwa mtu wa Goma, mtu wa Kinshasa atalingoja karibu saa nzima. Hilo hakulifanya Mbeleji wala Mfaransa. Wenye haki ya kunung'unika ni watu wa Kananga, walio katikati kabisa, ambao jua la mchana linawafikia nusu saa baada ya saa sita ya kwenye ukuta. Hao hatujawasikia wakilalamika.

Wengine wanakuja na dawa kubwa: «Inchi moja, saa moja! Tufuate wote Kinshasa.» Maneno hayo yana utamu wa wimbo, lakini tuyapime. Tukifuata saa ya Kinshasa, Goma na Bukavu jua litachwa karibu saa 17, na mama aliyetoka sokoni atatembea gizani katika njia ambazo hata mchana si salama. Tukiwalazimisha watu wa Kinshasa wafuate yetu, watoto wao watatoka nyumbani saa 6 katika usiku mweusi, kwa sababu jua litawachomozea karibu saa 7. Inchi ya China imefanya hivyo tangu mwaka 1949: inchi nzima, kubwa kuliko yetu mara nne, inafuata saa ya Beijing. Na matokeo? Katika Xinjiang, magharibi ya mbali, watu wengi wanatumia saa yao wenyewe, iliyo nyuma kwa saa mbili. Serikali ina yake, soko lina yake. Walitaka saa moja, wakapata mbili! Hatuitaki dawa hiyo.

Afadhali sisi saa zetu hazihami. Wazungu wa Ulaya, ndio wanaopenda kutufundisha kushika wakati, wanasogeza zao mara mbili kila mwaka. Siku ya Mungu ya mwisho ya mwezi wa Machi, usiku, saa 2 ya Brussels inageuka saa 3; na siku ya Mungu ya mwisho ya Oktoba wanairudisha. Wadachi ndio walioanza kuifanya sheria ya inchi nzima, mwaka 1916, wakati wa vita, ili kuokoa makaa ya mawe. Mwaka 2019 Bunge la Ulaya lilipiga kura kuiacha desturi hiyo, na mpaka leo haijaachwa. Kwao ina maana kidogo, kwa kuwa mwezi wa Juni mchana wa Brussels unapita muda wa saa 16, na Desemba haufiki hata 9. Hapa Lubumbashi mchana mrefu na mchana mfupi wanapishana kwa saa moja na kitu tu. Tusogeze saa kwa ajili ya nini?

Lakini wakisogea wao, sisi tunatikisika. Wakati wa baridi Brussels iko sawa na Kinshasa. Wakati wa joto iko sawa na Lubumbashi. Mama mmoja wa kartie yetu ana mwana huko, anayempigia simu kila siku ya Mungu saa 10 ya kwao. Miezi ya baridi ni saa 11 hapa, Misa imekwisha, mama yuko nyumbani anamenya ndizi. Ikafika Aprili. Simu ikalia katikati ya Misa, padri ameinua mikono, na mlio wenyewe ni wa rumba. Juma lililofuata, vilevile. Mama akaizima. Mwana akakasirika: mama hataki kunijibu, labda amesikia masengenyo juu yangu. Mama naye: mtoto amekuwa Mzungu, haheshimu hata Misa. Majuma matatu wakanuniana, mpaka mjukuu wa miaka 12 akawaeleza. Na baraka ya Papa, ile ya saa sita mchana ya Roma? Mtu wa Lubumbashi aliyeitazama Noeli ya 2023 katika televizio saa saba, akafungua tena saa saba Pasaka ya 2024, alikuta imekwisha. Pasaka ile ilianguka tarehe 31 Machi, siku ileile Roma iliposogeza saa.

Kwenye mipaka ni hivyo hivyo. Anayevuka Kasindi kuingia Uganda, au anayepanda chombo Kalemie kwenda Kigoma, anakuta saa imemtangulia. Simu yake, ikishika mnara wa ng'ambo, inaruka yenyewe bila kumwambia mwenyewe, hata kama bado amelala upande wetu. Sudan Kusini walibadili saa yao tarehe 1 Februari 2021, wakairudisha nyuma, na sasa wanalingana na watu wetu wa Aru. Mfanyabiashara wa huko asiyesikia habari hiyo alifika na mali yake kabla ya wenzake, akakaa juani.

Basi sasa tujigeukie sisi wenyewe, maana kidole kimoja kikimwonyesha Kinshasa, vingine vinatutazama. Siku moja tuliwaita walimu wa dini kwenye mkutano. Tuliandika sisi wenyewe, kwa mkono wetu: «saa 8». Walimu wa mjini, waliozoea hesabu ya Kifaransa, wakafika asubuhi. Wazee wa vijijini wakasoma saa nane, wakafika mchana, wameshiba na wamevaa vizuri. Waliotangulia walikuwa na njaa na hasira. Nani alikosa? Sisi. Na tusiseme hesabu ya Kiswahili ni ya kishamba. Mfano wa watenda kazi katika shamba la mizabibu unataja saa ya tatu, ya sita, ya tisa na ya kumi na moja. Mfaransa anahitaji maelezo chini ya ukurasa ili ajue ni saa gani, lakini bibi yetu asiyejua kusoma anaelewa mara moja kwamba wale wa mwisho waliajiriwa jua likielekea kuchwa. Tulipofundishwa Tertia, Sexta na Nona katika seminari, tulicheka kimoyomoyo: mbona ni saa tatu, saa sita, saa tisa za kwetu?

Tena wako wanaofurahia fujo hii. Mtu ameitwa ubatizo saa mbili asubuhi, anafika saa nne, anajikuna kichwa: «Samahani mwalimu, nilifuata saa ya Kinshasa.» Ndugu, saa ya Kinshasa inakupa muda wa saa moja tu. Ile ya pili umeitoa wapi?

Tunataka nini? Kitu kidogo sana, hakina gharama hata ya franka moja. Biro linaloita mtu liandike jina la mji karibu na saa: saa 9 ya Kinshasa, saa 10 ya Lubumbashi. Wenye ndege wanafanya hivyo siku zote. Tiketi inataja saa ya kuondoka kwa saa ya mji wa kuondoka, na ya kufika kwa saa ya mji wa kufika, hata wengine wanashangaa kuona ndege inatumia karibu saa tatu kuja Lubumbashi na moja tu kurudi. Nasi tunaobandika matangazo mlangoni mwa kanisa tuandike «asubuhi» au «mchana», nasi tuone haya tukisahau.

Binti wetu ameitwa tena, na biro lingine, la Kinshasa vilevile. Barua inasema saa 9. Mara hii ameandika kuuliza: ya wapi? Juma la pili sasa, jibu halijafika. Mama amekopa tena, mega za kutosha tangu saa 9 mpaka saa 11.