Mbwa wa mtaa anaweza kutuonya kuhusu sumu

Unataka kujua kama udongo wa mtaa wenu una sumu? Hebu anza na mbwa.

Kule Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi (madini, si ile ya bunduki) ulifungwa mwaka wa 1994, lakini sumu ilibaki mchangani. Watafiti walipopima damu ya mbwa wa huko, wale wa karibu na mgodi walikuwa na risasi nyingi kuliko wa mbali. Mbwa wachanga walizidi wakubwa.

Mbona mbwa? Kwa sababu analala uani, anafukua vumbi na kulamba manyoya yake. Mtoto anayetambaa hapo hapo hutia mkono wenye vumbi mdomoni, na risasi huharibu ubongo unaokua.

Hapa kwetu, mtaani Owino Uhuru, Mombasa, ni damu ya watoto iliyofichua sumu ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kilichofungwa 2014. Mwaka wa 2020 mahakama iliamuru fidia ya Sh1.3 bilioni, lakini pesa hazirudishi afya.

Kupima mbwa hakuchukui nafasi ya kupima watu. Ila ikianza mapema karibu na viwanda na majaa, watoto wetu hawatakuwa kengele ya kwanza.