Hii Si Kibera

Mwaka jana mhariri mmoja aliniandikia akitaka picha kumi za Kibera. Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi miwili, kwa hivyo sikuuliza maswali. Nilimtumia tisa alizotarajia: reli, mabati, watoto wakiruka mtaro. Ya kumi ilikuwa okidi nyeupe imening'inia nje ya nyumba ya mamangu, Makina. Tisa zilipita. Ya kumi ilirudi na maneno matatu: "Hii si Kibera."

Sikumjibu. Nilihitaji hiyo pesa. Wacha nimjibu hapa.

Kwanza, jina. Kibera ilikuwa Kibra, na kwa Kinubi Kibra ni msitu. Askari Wanubi wa King's African Rifles na familia zao waliwekwa hapa mwanzoni mwa karne iliyopita, na walichokuta ni miti. Hati ya ardhi waliipata 2017, ekari 288, baada ya kungoja miaka zaidi ya 100. Msitu wa Ngong Road bado uko pale jirani. Sasa niambie, kati ya ua la msituni na mabati, kigeni hapa ni kipi?

Pili, hilo ua lenyewe. Ni Aerangis thomsonii, okidi ya misitu yetu ya nyanda za juu. Sikulinunua. Naishi Kawangware siku hizi, tangu niache chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na karibu na stage ya 56 kuna mama wa mandazi anayenunua kuni za miti iliyoangushwa. Gogo moja lilikuwa na mizizi ya kijivu na majani marefu kama mkanda. Akaniambia, "Chukua hiyo takataka, kijana wangu, lakini gogo uniachie." Dakika kumi baadaye ingekuwa majivu.

Kenya ina zaidi ya spishi 200 za okidi za mwitu, na nyingi zinaishi hivyo, juu ya mti. Watu hudhani zinaunyonya. Hapana, mti ni kiti tu. Mizizi imevaa ngozi kama sifongo inayokunywa mvua na ukungu. Ikilowa inageuka kijani, ikikauka inarudi kijivu, hivyo ndivyo inakwambia ina kiu. Ukiizika kwa udongo itaoza. Mimi niliifunga kwa kipande cha ubao na soksi ndefu iliyochanika, nikaipeleka kwa mamangu kwa sababu chumba changu hakina mwanga. Inakunywa maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwa paa, na baridi ya usiku ya Nairobi inaipenda sana.

Ilipochanua, jirani alikuja kuangalia.

"Inaliwa?"

"Hapana."

"Ni dawa?"

"Hapana."

"Utaiuza?"

"Hapana, mama."

"Sasa?"

Huyo simlaumu. Amelisha watoto kwa sukuma wiki ya kwenye magunia. Akiuliza kama kitu kinaliwa, anauliza kwa haki. Ninaowalaumu ni wale wanaokuja na fomu. Nilijaza moja nikitafuta ufadhili mdogo wa kununua neti ya kivuli, nikaulizwa maua yangu yatasaidia vijana wangapi kuacha uhalifu. Maze, ni ua! Vuka barabara kutoka Kawangware uingie Lavington. Okidi iko mezani, na hakuna anayeulizwa imeokoa nani. Yaani tajiri akipanda ua ni mapenzi, maskini akipanda ua ni mradi. Hiyo ndiyo dharau ninayoikataa, hata ikija na tabasamu na fulana ya bure.

Na hizo za Lavington, acha niwaambie kitu. Nyingi ni Phalaenopsis chotara, mababu zao wametoka Asia. Maua yakianguka watu wanadhani imekufa, wanatupa. Jamaa yangu anayezoa taka huniletea. Sasa hivi ninazo nne, kwenye mikebe ya plastiki niliyotoboa mashimo, ndani ni vipande vya makaa na makumbi ya nazi. Mbili zimechanua tena.

Mtu atasema chotara si okidi halisi. Wanasiasa wetu hupenda kutuahidi Singapore, basi twende Singapore. Ua la taifa lao, lililochaguliwa 1981, ni okidi chotara, Vanda Miss Joaquim. Ilitoka kwenye bustani ya nyumbani ya mwanamke mmoja, Agnes Joaquim, mwaka 1893. Wametuonyesha kwamba kitu cha uani kwa mtu kinaweza kubeba jina la nchi. Sisi tunaiga barabara zao tu.

Tatu, ile picha. Aerangis hutoa harufu usiku, ikiita nondo. Saa moja jioni, mtaro ukiwa na harufu yake, hilo ua linakuwa na yake, na zote mbili ni za Makina. Simu yangu huunguza rangi nyeupe, kwa hivyo nilitundika buibui la mamangu nyuma, nikapunguza mwanga, na mdogo wangu akashika tochi kwa upande, imefunikwa tishu. Ukiangalia vizuri utaona kutu ya mabati pembeni. Sikuikata makusudi. Sijawahi kusema mtaro haupo. Ninachosema ni kwamba umepigwa picha vya kutosha.

Na mimi si malaika. Nilishawahi kununua Ansellia africana kando ya barabara, shilingi 500, ile ya madoadoa kama chui. Mizizi ilikuwa imekatwa kwa panga. Baada ya miezi mitatu ilikufa, na nilijua tangu mwanzo imetoka wapi. Mkataba wa CITES unasimamia okidi zinapovuka mpaka. Panga la msituni haulioni. Muuzaji ana njaa, lakini soko lake ni mimi na wenye bustani kubwa. Kwa hivyo usinunue ya panga. Kuna za kuni, kuna za jalalani, na kuna wakulima wanaogawa mmea uliokomaa.

Wewe mhariri, kodi imelipwa. Picha ya kumi bado ninayo. Ukiitaka, bei yake ni ile ile ya mtaro, na chini yake utaandika: Makina, Kibera.