Kukanda miguu kwa Kichina: ramani ilitoka wapi, na nani alipoteza kazi?

Katika miji mingi ya China na ya kisiwa cha Taiwan, si vigumu kuona mlango wenye picha kubwa ya unyayo. Picha imegawanywa kwa rangi: hapa figo, pale ini, na kwenye kidole gumba kichwa. Mteja hutia miguu ndani ya beseni la maji ya moto, kisha mkandaji anaanza kubonyeza. Wenye maduka huwaambia wageni kwamba hiyo ni hekima ya mababu wa China, ya maelfu ya miaka.

Ni kweli nusu. Huangdi Neijing, kitabu cha uganga chenye umri wa miaka zaidi ya 2,000, kinaeleza njia ambamo nguvu ya mwili iitwayo qi hupita, na njia ya figo huanzia chini ya unyayo, mahali paitwapo Yongquan. Kukanda mwili na kulowesha miguu ni desturi ya zamani huko. Lakini ile ramani ya rangi ilianzia Marekani. Mwaka 1917 daktari William Fitzgerald na mwenzake walitoa kitabu kinachogawa mwili katika kanda kumi. Mwaka 1938 Eunice Ingham akatoa chake, kinachohusu nyayo. Kutoka hapo elimu hiyo ikavuka hadi Ulaya.

Aliyeipeleka Taiwan ni padri. Josef Eugster, mmisionari wa Uswisi, alifika huko mwaka 1970 na kufanya kazi Taitung, upande wa mashariki, kati ya watu wa kabila la Amis. Magoti yalikuwa yakimtesa. Mmisionari mwenzake akampa kitabu cha Kijerumani cha Hedi Masafret, muuguzi wa Uswisi. Padri akajaribu juu ya miguu yake mwenyewe, akapata nafuu, akaanza kuwakanda waamini. (Mapadri wa namna hiyo, wenye misale na sanduku la dawa, hata sisi tunawafahamu.) Miaka ya 1980 sifa zake zilienea kisiwani kote, na kazi hiyo ikafika pia China bara. Watu waliipokea kama kitu chao kwa sababu ilifanana na yale waliyokwisha kusikia juu ya qi.

Je, inaponya? Kukandwa kunatuliza mwili na kupunguza uchovu, hilo halina ubishi. Lakini hakuna uthibitisho imara kwamba kubonyeza sehemu ya figo kwenye unyayo kunatibu figo. Mwenye ugonjwa wa figo anayeishia kwenye beseni anajiweka hatarini.

Jambo zito zaidi ni riziki. Huko Taiwan, sheria ilihifadhi kazi ya kukanda kwa ajili ya vipofu peke yao. Biashara ilipokua, watu wenye macho nao wakaingia, wengine wakidai kwamba kukanda miguu si kukanda mwili. Adhabu zilitolewa, kesi zikafika juu. Tarehe 31 Oktoba 2008, majaji wa katiba, katika uamuzi namba 649, walisema kwamba sheria hiyo inavunja usawa na haki ya mtu kuchagua kazi. Waliipa miaka mitatu kabla ya kufa, na kuitaka serikali iwasaidie vipofu kwa mafunzo na njia nyingine za kazi.

Kisheria, ni vigumu kuwapinga majaji. Lakini mizani haikuwa sawa: kipofu mwenye kitanda kimoja anashindana na duka la ghorofa tatu lenye mazulia na taa. Usawa wa karatasi haumpi mtaji.

Mwaka 2017 Taiwan ilimpa padri Eugster uraia. Wanawake aliowafundisha kukanda katika parokia yake walipata kazi bila kuhamia mjini. Vipofu nao bado wanakanda, wengine wao katika vituo vya treni za Taipei, kwenye viti vilivyopangwa kando ya njia ya abiria.