NURU YA LEZA HAIPUNGUZI UZITO WA GUNIA



Wachukuzi wa Malaba na Busia, na sisi wa Adungosi pia, tunaulizana sana juu ya tiba ya nuru ya leza. Yasemwa ya kuwa nuru hiyo hutuliza maumivu ya magoti na mabega, tena huponya vidonda. Wako walio tayari kutoa ujira wa juma zima ili wamulikwe. Twaona ni wajibu wetu kusema wazi lililo kweli.

Tiba hii si uganga. Leza ya kwanza iliwashwa Marekani mwaka 1960. Mwaka 1967 Daktari Endre Mester wa Budapest, katika nchi ya Hungaria, aliwamulika panya walionyolewa kwa leza dhaifu, akaona manyoya yao yaota upesi kuliko ya wenzao. Baadaye akaijaribu juu ya vidonda sugu vya watu. Leza hii haikati kama ile ya wapasuaji. Wataalamu hudhani ya kuwa nuru hupenya ngozi, ikazipa chembe za mwili nguvu na kupunguza uvimbe. Mwaka 2019 yalikusanywa matokeo ya majaribio 22 juu ya magoti yaliyolika, ikaonekana maumivu hupungua ikiwa kipimo cha nuru ni sawasawa. Lakini kupunguza maumivu si kupata goti jipya.

Basi mwenye kwenda na aende kwa mtaalamu wa viungo mwenye cheti. Aulize bei kwanza. Avae miwani ya kinga, maana leza huharibu macho. Asimulikwe penye uvimbe usiojulikana, usije ukawa ni saratani. Na akiambiwa nuru hiyo huponya kila ugonjwa, ashike njia arudi nyumbani.

Sasa lililo kubwa. Mwaka ule ule wa 1967, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha huko Geneva Mkataba namba 127 juu ya uzito wa mizigo. Pendekezo lililofuatana nao lilitaja kilo 55 kuwa ndio mwisho kwa mwanamume mzima. Nasi gunia la mahindi twalihesabu kwa kilo 90! Kulitibu goti asubuhi, na jioni kulirudisha chini ya gunia lile lile, ni kutwanga maji katika kinu.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamkataza mwajiri kumbebesha mtu mzigo ambao kwa uzito wake waelekea kumdhuru. Na Sheria ya Fidia ya Ajali Kazini ya mwaka huo huo yamtaka mwajiri alipe gharama za matibabu ya aliyeumia. Lakini haki hiyo hupotea ikiwa ajali haikuarifiwa kwa mwajiri katika muda wa miezi 12. Kwa hiyo, ndugu, ukiteguka leo, toa habari leo, mbele ya shahidi. Usifiche maumivu kwa kuogopa kunyimwa kazi kesho.

Twajua jibu la wenye mali: "Ninyi mwalipwa kwa gunia, hamna tajiri." Ndiyo sababu twashauri matawi yetu yadai mambo matatu. Kwanza, mizigo ifungwe katika mifuko ya kilo 50. Pili, pawe na mikokoteni ya kusukuma mizigo kutoka lori hadi ghala. Tatu, liwepo daftari la kila siku, lenye jina la kila mchukuzi na la mwenye mzigo, ili siku ya ajali asipatikane wa kusema hakujui.

Nuru ya leza na imsaidie atakayesaidika. Lakini mzigo hautapunguzwa na mashine yo yote. Utapunguzwa na sisi wenyewe, tukikataa pamoja.

Umoja ni nguvu.