Haki Inayokatika Pamoja na Tiketi

Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Juni 2023 humpa abiria wa treni fidia ya robo ya nauli, kwa kawaida, akicheleweshwa kwa saa moja; nusu, kwa saa mbili. Lakini kijana mwenye shanta mgongoni, aliyenunua tiketi ya Brussels hadi Paris kwa kampuni moja na ya Paris hadi Barcelona kwa nyingine, dakika 20 tu za kuchelewa huweza kumpotezea nauli yote ya pili. Ulaya imeondoa vizuizi mipakani, ikaviacha ndani ya tiketi. Haki hupimwa siku mipango inapoharibika. Kampuni za reli zilazimishwe kuuza safari nzima kwa tiketi moja. Vinginevyo, uhuru wa kusafiri utabaki wa wenye uwezo wa kulipa mara mbili.