Timu za 'Shooting' tunazo, uwanja wa shabaha uko wapi?

MASHABIKI wa soka Bongo wameishi na neno 'Shooting' kwa miaka mingi bila kulihoji. Kulikuwa na Ruvu Shooting ya Mlandizi, ile ya Uwanja wa Mabatini, ambayo msemaji wake Masau Bwire aliwapa watu neno 'kupapasa' hadi likaingia mitaani. Kulikuwa na Mgambo Shooting, iliyoshuka daraja mwaka 2016 pamoja na Coastal Union na African Sports, msimu ambao Tanga nzima ilibaki bila timu Ligi Kuu. Ruvu nayo ikashuka 2023. Muulize shabiki 'Shooting' maana yake nini, atakwambia ni timu ya maafande. Hapo ndipo anapoishia.

Lakini huo ni mchezo kamili. Kulenga shabaha kumekuwapo tangu Olimpiki ya kwanza ya kisasa mwaka 1896, na kule Paris 2024 ulikuwa na medali 15 za dhahabu za kugombewa. Hata asiyeujua alimuona Mturuki Yusuf Dikeç, jamaa wa miaka 51, mkono mmoja mfukoni, amevaa miwani ya kawaida kama anakwenda kulipa bili ya umeme, akiondoka na medali ya fedha. Picha yake ilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ambayo kwa kawaida hayazungumzi kingine zaidi ya Simba na Yanga.

Mjadala huu umepata uzito mpya kwa sababu ya AFCON 2027. Tanzania, Kenya na Uganda ni wenyeji, na CHAN ya Agosti 2025 ilishaonyesha sura yake. Mgeni anayekuja kuangalia mpira haangalii mpira kila siku. Kati ya mechi na mechi kuna siku mbili au tatu za kukaa tu. Wengi wa aina hiyo hulala maeneo ya Masaki, Msasani na Mikocheni, kwenye hoteli na nyumba za kupangisha. Ratiba yao inajulikana: mihogo Coco Beach, boti ya kwenda Mbudya, jezi Kariakoo, feri ya Zanzibar. Baada ya hapo wanauliza, "Kuna nini kingine?"

Kwa wenzetu swali hilo lina jibu moja ambalo huku halijazoeleka. Shabiki wa Uingereza anayesafiri na timu yake kwenda Prague au Kraków anakuta vipeperushi vya viwanja vya shabaha hotelini. Analipia, anachukuliwa na gari, anafundishwa dakika kumi, anapiga risasi chache za bastola na chache za AK-47, anapiga picha, anarudi mjini kusubiri mechi ya usiku. Hajawahi kushika bunduki maisha yake yote na pengine hatashika tena. Ni biashara ya kawaida kabisa kule, kama kukodi baiskeli.

Je, Mikocheni inaweza kuwa na kitu kama hicho? Jibu la haraka la vijiweni ni ndiyo, kwa nini isiwe, hela si hela? Jibu la kufikiri ni gumu kidogo.

Kwanza mtu ajue ni nini kinachotokea mgeni wa mchezo huu akiingia uwanjani, maana sinema zimedanganya wengi. Hapewi bunduki. Anapewa vifaa vya kuziba masikio na miwani, kwa sababu mlio wa silaha nyingi unavuka desibeli 140, kiwango kinachoweza kuharibu sikio kwa mlio mmoja. Kisha anapewa masharti. Kila silaha ihesabiwe ina risasi hata kama umeiona tupu. Mtutu usielekee kitu ambacho hutaki kukiharibu. Kidole kikae nje ya triga mpaka umeamua kupiga. Ujue kilichopo nyuma ya shabaha yako. Mwalimu atayarudia hayo mpaka yachoshe, na akiona mtu anacheka cheka anamtoa.

Halafu linakuja suala la jicho. Kila mtu ana jicho linaloongoza, na si lazima liwe upande wa mkono anaotumia. Nyoosha mikono, tengeneza tundu dogo kwa viganja viwili, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo, kisha funga jicho moja moja. Jicho ambalo likibaki wazi kitu hakitoki ndani ya tundu, hilo ndilo lako. Wapo watu wazima wanaogundua siku hiyo kwamba miaka yote wamekuwa wakilenga kwa jicho lisilo sahihi.

Sehemu inayobaki ni pumzi na kidole. Hapa shabiki wa mpira anaelewa haraka kuliko mtu mwingine yeyote. Mkumbuke Abdul Suleiman 'Sopu' usiku wa Agosti 2, 2025 pale kwa Mkapa, Taifa Stars na Burkina Faso, kipindi cha kwanza kinaelekea mwisho, penalti. Uwanja wote ulikuwa umemkalia mabegani. Mpigaji anayekwenda na papara anapaisha. Anayetulia, akatoa pumzi, akapiga akiwa ameshaamua, anafunga kama alivyofunga Sopu. Triga ni hivyo hivyo. Ukiivuta kwa nguvu kwa sababu unaogopa mlio, mkono unashuka na risasi inakwenda chini ya ubao. Ukiibana taratibu, mlio unakushtua mwenyewe, na hapo ndipo risasi inapokwenda ulikoitaka. Wanaoanza wengi wanakosa kwa sababu ya woga, macho yao hayana tatizo.

Sasa upande wa pili. Agosti 2014 huko Arizona, Marekani, kwenye uwanja wa shabaha wa kitalii, binti wa miaka 9 alipewa bunduki ya Uzi inayotema risasi mfululizo. Bunduki ilimshinda nguvu, mtutu ukapanda juu, mwalimu aliyesimama kando yake akapigwa risasi na kufa. Hakukuwa na uhalifu pale. Kulikuwa na familia iliyo likizo na mtu aliyeuza msisimko kwa mteja ambaye mikono yake haikuweza kuubeba.

Na Dar yenyewe ina kumbukumbu zake. Shabiki wa Simba hahitaji kukumbushwa asubuhi ya Oktoba 11, 2018, Mohammed Dewji alipotekwa Oysterbay akienda mazoezini, akarudi baada ya siku tisa. Agosti 25, 2021, mtu mwenye silaha aliua askari polisi watatu na mlinzi mmoja karibu na Ubalozi wa Ufaransa, barabara ile ile ya Ali Hassan Mwinyi ambayo watu wa Mikocheni wanaipita kila siku kwenda mjini. Ukimwambia mzee wa mtaa aliyeyaona hayo kwamba kuna mtu anataka kufungua sehemu ya kupigia risasi jirani na nyumba yake ili wageni wafurahi, usitarajie akupigie makofi.

Sheria nayo haikuandikwa kwa ajili ya mtalii anayetaka kupiga risasi kumi na kwenda kula. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyoifuta ile ya 1991, inamtazama mwenye silaha kama mtu anayepaswa kuchunguzwa yeye binafsi. Maombi yanaanzia kwenye serikali ya mtaa, yanapita kamati za ulinzi na usalama, yanafika polisi. Ni safari. Na ni vizuri iwe safari. Mgeni mwenye bunduki si jambo jipya nchini, watalii wa uwindaji wanaingia na silaha zao kila mwaka kwa vibali, lakini wale wanakwenda porini na mwindaji bingwa mwenye leseni, mbali na watu. Mikocheni si pori.

Mikocheni ya sasa ni shule, hospitali, studio za redio na televisheni, viwanda vya Barabara ya Coca-Cola, ghorofa juu ya ghorofa. Risasi ya bastola ya milimita 9 inaweza kusafiri zaidi ya kilometa moja ikikosa cha kuizuia. Uwanja wa wazi unataka tuta refu la udongo nyuma ya shabaha na eneo tupu nyuma ya tuta. Nani ana eneo tupu Mikocheni? Mwenye kiwanja huko anajenga apatimenti, hajengi tuta.

Kwa hiyo wazo la AK-47 kwa watalii pale Mikocheni lifungwe. Ni wazo baya, na hela yake haitoshi kulipia ajali moja.

Lakini kuna mlango mwingine, na ndio unaopaswa kuzungumzwa. Dikeç hakupata medali yake kwa silaha ya baruti. Alitumia bastola ya upepo, inayorusha kirisasi cha milimita 4.5 umbali wa mita 10. Mita kumi! Ni fupi kuliko kutoka alama ya penalti hadi mstari wa goli. Bunduki hizo hazina mlio wa kutisha mtaa, teke lake ni dogo mno, na kirisasi chake kinazuiliwa na kisanduku cha chuma nyuma ya karatasi ya shabaha. Ghala moja la kawaida, lenye kuta imara na mlango mmoja unaofungwa, linatosha. Bado ni silaha, bado zinahitaji ruhusa, kabati la kufungia na mwalimu anayejua kazi. Ila tofauti yake na AK ni kama futsal na mechi ya dabi.

Usifikiri ni mchezo wa watoto. Kwenye bastola ya upepo duara la kumi lina kipenyo cha milimita 11.5. Kwenye bunduki ya upepo ni nukta ya nusu milimita. Mshindani anapiga mara 60 ndani ya saa moja na robo. Mchezaji anayelalamika kwamba lango la mita 7.32 lilikuwa dogo angepelekwa huko wiki moja tu.

Na ni mchezo ambao nchi ndogo zinapenya. Falme za Kiarabu, ambako Watanzania wengi wanafanya kazi, zilipata medali yao ya kwanza kabisa ya Olimpiki mwaka 2004 Athens kupitia kulenga, Ahmed Al Maktoum akichukua dhahabu. Guatemala haikuwa na dhahabu hata moja mpaka Adriana Ruano alipoipata Paris 2024, akivunja sahani 45 kati ya 50 zinazorushwa hewani. Huyu alikuwa mwanasarakasi, akaumia mgongo, ikabidi atafute mchezo mwingine. Tanzania mpaka michezo hiyo ya Paris ilikuwa bado inahesabu zile fedha mbili za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui za Moscow 1980. Kweli, Jumuiya ya Madola imeutupa mchezo huu nje, haukuwepo Birmingham 2022 na haumo Glasgow 2026, lakini Olimpiki ya Los Angeles 2028 unao.

Ukumbi wa aina hiyo ungemhudumia mgeni wa AFCON mchana, akalipa bei ya mgeni, akajifunza jicho lake ni lipi na akaondoka na karatasi yake yenye matundu. Jioni ungemhudumia kijana wa mtaani kwa bei yake. Hapa ndipo penye mtego, maana Dar imeshaona sehemu nyingi zilizoanza kwa maneno ya "fursa kwa vijana" zikaishia kuwa na geti ambalo kijana wa hapo hapo anaishia kulilinda. Kama kibali kitatolewa kwa jina la utalii peke yake, hilo litatokea tena. Kikitolewa kwa jina la mchezo, Baraza la Michezo na Kamati ya Olimpiki wakiwa ndani tangu mwanzo, na polisi wakishika ufunguo wa kabati kama wanataka, hesabu inakuwa nyingine.

Walimu wapo. Hili watu wanalisahau. Ruvu na Mgambo si majina yaliyookotwa, ni kambi za JKT, na huko watu wanafundishwa kulenga kila mwaka. Wastaafu wa majeshi wamejaa Kinondoni, wengine wanauza maji na vocha, wakati mikononi mwao kuna ujuzi ambao kule Prague mtu analipwa kwa saa.

Kwa sasa shabiki wa Mikocheni mwenye mzinga wa Arsenal kifuani, anayetaka tu kujua kama ana jicho, hana pa kwenda jioni. Njia ya uhakika kwa mtoto wa kawaida ni ile iliyorudishwa mwaka 2013: amalize kidato cha sita, jina lake litoke, apangiwe kambi kwa mujibu wa sheria, akimbie mchakamchaka, na siku moja apelekwe kwenye shabaha apige risasi zake. Wapo mabinti wa mtaa huo waliokwenda hivyo, wakapiga vizuri kuliko wavulana wa kombania yao, wakakabidhi silaha, wakapanda basi kurudi nyumbani. Hakuna aliyeandika jina lao kwenye daftari la mchezo wowote.